Ule mguu wa bata mliotumiwa ni majani matatu

Kwa kuwa rafiki yangu keshaisambaza video ya siku nilipoharibu stika ya nembo niliyomchorea mteja, tena kaikata pale panapomfurahisha yeye, acheni nami niseme yangu. Hicho mnachokiita mguu wa bata ni nembo ya majani matatu. La katikati liko mbele, mawili ya pembeni yanapita nyuma yake, na kati yao pana upenyo mwembamba. Yaani, palitakiwa pawe na upenyo.

Kwenye skrini ulikuwepo, tena umetulia. Nililizungushia jani la mbele mstari mweupe wa milimita 6, kazi ikaisha. Mstari hukaa juu ya ukingo, nusu ndani nusu nje, kwa hiyo milimita 3 zilikuwa zinalila jani lenyewe. Hilo nililijua, nikalinyamazia. Mteja alipoomba nembo ikae juu ya bluu, nikaupaka mstari bluu ileile. (Wewe unayecheka, fungua faili zako kwanza tuzione.)

Tukaenda kukata stika. Sasa, mashine ya kukatia stika haijui rangi. Inafuata njia za maumbo basi, yaani kingo za kila umbo lililochorwa. Weupe wa mstari na unene wake haiuhesabu. Na mimi chini ya ule mstari nilikuwa nimeacha majani matatu mazima, yamelaliana.

Fundi kaweka roli ya stika, mteja kasimama bega kwa bega nami, rafiki kashika simu. Kisu kikaanza jani la kushoto. Kikapanda ukingo wa nje taratibu, kikazunguka ncha, kikaanza kushuka kuelekea katikati. Nikakohoa, nikatoa ile sauti ya kitaalamu mnayoisikia kwenye video: "Hapa kitaruka." Hakikuruka. Kikapita katikati ya eneo la jani la mbele bila haraka, hadi kwenye kikonyo. Nikasema, "La kulia ndilo litaruka." La kulia nalo likakatwa zima. Kisha likaja la katikati, likapita juu ya yote.

Fundi akachukua kibano, akaanza kung'oa ziada. Nje ikatoka safi. Akafika kati ya majani, akatafuta pa kushika. Akapapasa kwa ukucha. Akainama zaidi. Akaniangalia. "Kaka, hapa ning'oe nini?"

Hapakuwa na cha kung'oa. Palikuwa na mikato myembamba kama unywele, stika imegusana na stika. Mteja akalaza kichwa kushoto, akalaza kulia, akauliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, mbona bata?"

Video inaishia hapo. Yaliyofuata: stika ikatupwa, hasara nikaibeba, faili nikalirekebisha palepale kwenye kompyuta ya fundi, ikakatwa upya, mteja kaondoka na majani yake. Rafiki hakurekodi hiyo sehemu, ajabu eeh?

Mnaouliza nilirekebishaje, kwenye Inkscape, programu ya kuchorea nembo, ni hivi. Nakili jani la mbele kwa Ctrl+D. Ile nakala ipe mstari wenye unene mara mbili ya upenyo unaoutaka: upenyo wa 3, mstari wa 6. Pembe za mstari ziweke za mviringo, la sivyo ncha ya jani itatoa mwiba mrefu utakaomkata jirani. Kisha geuza mstari kuwa umbo, Ctrl+Alt+C. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: unachopata ni kundi la vitu viwili, tumbo la jani na ukanda wa pembeni. Litengue kwa Ctrl+Shift+G, halafu viunganishe viwili hivyo kwa Ctrl na alama ya kujumlisha, upate jani moja nene. Ukikata kwa ule ukanda peke yake, kipande cha jani la nyuma kitabaki kimejificha chini ya la mbele. Macho hayakioni, kisu kitakiona.

Chagua jani nene pamoja na la nyuma, bonyeza Ctrl na alama ya kutoa. Cha juu kinatoweka, cha chini kinabaki na pengo. Kwa kuwa kinatoweka, tengeneza nakala mbili za jani nene ikiwa majani ya nyuma ni mawili. Ukimaliza, angalia kwa mwonekano wa mistari mitupu: mstari wowote unaopita mahali ambapo kwenye mwonekano wa kawaida hapana ukingo wa rangi ni bata mtarajiwa.

Na upenyo usiwe wa kubana mno. Kwenye skrini, nembo ya pikseli 512 (nukta za skrini) ikishushwa hadi 16, upenyo wa pikseli 6 unabaki chini ya robo ya pikseli. Kwa ukubwa huo chora toleo lake, upenyo uwe pikseli 1 kamili.

Aliyeuliza kuhusu pete mbili zilizosokotana, kila moja ipite juu kwenye makutano mamoja na chini kwenye mengine: tengeneza pete nene zote mbili kabla hujakata chochote. Kisha weka mstatili juu ya makutano mamoja, chukua sehemu ya pete nene ya juu iliyo ndani ya mstatili tu, uikatie hiyo pete ya chini. Makutano ya pili, geuza zamu. Ukikata kwa pete nene nzima, pete unayoikata itapita chini pande zote mbili, na hapo hakuna kusokotana, ni moja imemlalia mwenzake.

Maswali mengine leteni. Yanayohusu bata sijibu.