Memento: Filamu Inayosimuliwa kwa "Kumbe"

Mdogo wangu alipoona dakika ya kwanza ya filamu hii, aliamini kabisa kwamba flashi tuliyojaziwa filamu hapa mjini Moshi ilikuwa na hitilafu. Mkono ulishika picha ya Polaroid yenye maiti na damu, na kila ulipoitikisa, picha ile badala ya kukolea ilizidi kufifia hadi ikabaki nyeupe. Kisha ikarudi ndani ya kamera, damu ikapanda ukutani na bastola ikaruka kutoka sakafuni ikamrudia muuaji mkononi. Alikuwa ameshasimama kwenda kumdai mwenye duka fedha zetu. Nilimwomba avumilie dakika kumi.

Filamu yenyewe ni Memento ya mwaka 2000, iliyoongozwa na Christopher Nolan kutokana na wazo la hadithi ya ndugu yake, Jonathan. Guy Pearce anaigiza kama Leonard Shelby, aliyekuwa mpelelezi wa madai ya bima, ambaye alipigwa kichwani usiku ambao mkewe alishambuliwa. Ya zamani anayakumbuka vizuri, lakini jambo jipya halikai kichwani mwake zaidi ya dakika chache. Anamsaka muuaji kwa msaada wa picha za Polaroid alizoziandikia maelezo na tatuu alizochorwa mwilini. Matukio ya rangi yanakwenda kinyumenyume, kila moja likiishia pale lilipoanzia lile tulilokwisha kuliona, na katikati yake yanachomekwa matukio ya nyeusi na nyeupe yanayokwenda mbele kama kawaida. Mikondo hiyo miwili inakutana karibu na mwisho, wakati picha moja ya Polaroid inapokolea taratibu na rangi ikaingia pamoja nayo, kwa upole kiasi kwamba mara ya kwanza sikuona badiliko lilipotokea.

Wengi huusifu mpangilio huo kama ufundi wa kuchezea akili. Mimi naona sifa hiyo ni ndogo kuliko inavyostahili. Katika Kiswahili tunacho kiambishi -ka-, ambacho ndicho kinachosukuma hadithi zetu: akaingia, akaketi, akaomba maji. Bibi alipotusimulia hadithi jioni hakuwa na haja ya kueleza kwamba hili limetokana na lile, kwa kuwa -ka- ilikuwa imekwisha kusema. Nolan ameling'oa ka hilo na kutuachia neno moja tu la kushikilia, yaani kumbe. Leonard anajikuta anakimbia asijue sababu, anamwona mtu mwingine anakimbia, anadhani yeye ndiye anayemfukuza, hadi risasi inapomjia: kumbe anayefukuzwa ni yeye. Sisi nasi hatujui zaidi yake, kwa sababu kilichotangulia hatujakiona. Ugonjwa wa mhusika umehamishiwa kwa mtazamaji, na kazi hiyo imefanywa na mpangilio, bila hotuba ya daktari wala muziki wa kutisha.

Mfano bora ni wa Natalie, anayeigizwa na Carrie-Anne Moss. (Ambaye hajaitazama filamu hii na anataka kuitazama, aishie hapa.) Kwanza tunamwona akiingia ndani uso umevimba, anasema mwanamume fulani amempiga, na Leonard anaahidi kumshughulikia mtu huyo. Tunamhurumia. Baadaye ndipo tunaonyeshwa kilichotangulia: anazunguka nyumba akikusanya kalamu zote na kuzitia mkobani, kisha anamtukania Leonard marehemu mkewe hadi Leonard mwenyewe anampiga. Anatoka, anaketi ndani ya gari na kusubiri, huku Leonard akihangaika kutafuta kalamu aandike kabla hajasahau. Mlango wa gari unafungwa kwa kishindo, Natalie anaingia, na Leonard anamuuliza kwa upole nani amemuumiza. Tukio hili lingepangwa kwa mfuatano wa kawaida, tungemchukia mwanamke huyu tangu mwanzo, na jambo lingeishia hapo. Kwa kuwa limepinduliwa, tunalazimika kuitazama upya huruma yetu wenyewe, ambayo ilitolewa bila ushahidi.

Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video mtaani, tulifundishwa kanuni moja tu: steringi, yaani mhusika mkuu, hafi, na adui anajulikana mapema kwa sura yake. Mtafsiri naye alitudokezea yajayo kabla hayajafika, na sijui angeitafsirije filamu hii, kwa maana yajayo tumekwisha kuyaona. Kanuni hiyo ndiyo Nolan anayoitumia dhidi yetu. Tumemwamini steringi kwa sababu tu ni steringi, na filamu inafika mwisho tukigundua kwamba mtu aliyemdanganya Leonard kwa makusudi, tena kwa mwandiko wake mwenyewe, ni Leonard.

Wapo wanaosema kwamba hadithi hii ikinyooshwa haina uzito, na ni kweli kwamba ilitolewa DVD yenye njia iliyofichwa ya kuitazama kwa mfuatano wa kawaida. Kunyooshwa kunaleta filamu nyingine, ya kusikitisha zaidi na isiyo na mashaka hata kidogo. Sioni kama hiyo ni kasoro. Kinachonikera mimi ni zile sehemu za nyeusi na nyeupe ambamo Leonard anaongea kwa simu, ambazo zinaeleza mno. Afadhali yule mhudumu wa gesti, aliyempangisha Leonard vyumba viwili kwa wakati mmoja na kumweleza hivyo waziwazi, akijua kwamba atasahau. Ni kichekesho cha dakika moja, lakini kinamweka Leonard mahali pake kuliko maelezo yote ya simu.

Jumapili iliyofuata alikuja binamu yetu kutoka Arusha, na mdogo wangu, ambaye sasa amekuwa mtetezi mkubwa wa filamu hii, akajitolea kumsimulia. Alianza vizuri: "Basi jamaa akampiga mwenzake risasi." Akanyamaza. "Hapana, kabla ya hapo alikuwa... ngoja, kumbe kabla ya hapo tena." Alirudi nyuma mara nne, machalari yakapoa mezani, na binamu akaomba apewe tu hiyo flashi.