Nikisema hapana, basi iwe hapana

Jamani, haya maombi ya "tushirikiane" yamenichosha. Mimi napiga picha za vyakula vya mitaani hapa Kampala na kuziandikia maelezo. Rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), muchomo (nyama choma), gonja (ndizi za kuchoma), basi. Sasa mtu tusiyejuana ananitumia ujumbe: "Habari mpendwa, tunapenda sana kazi zako." Hata jina langu halijui. Anataka nisifie krimu yake ya kung'arisha ngozi, tena bure, eti nitajulikana!

Namjibu kwa heshima: "Asante kwa kunifikiria, ndugu, ila hiyo si kazi ninayofanya. Nakutakia kila la heri." Kesho yake: "Vipi, umeamuaje?" Keshokutwa anapiga simu usiku. Nisipopokea, naambiwa nina maringo.

Kujulikana hakununui bando, na bando lenyewe hapa Uganda linatozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Boda ya kwenda Wandegeya nalipa mwenyewe, na chakula nanunua kwa pesa yangu. Wasomaji wananiamini kwa kuwa sisifii nisichokionja. Siwezi kuuza imani hiyo kwa kopo la krimu. Kuanzia sasa najibu mara moja, kwa adabu. Akirudia, namzuia.