Baridi Isikuchagulie Chuo

Mtu akipata barua mbili za kukubaliwa chuo ng'ambo, moja ya mji mdogo wa kaskazini ya mbali na nyingine ya jiji kubwa lenye baridi ya wastani, mara nyingi hukimbilia kutazama nyuzijoto za Januari. Akiona alama ya kutoa mbele ya namba, barua moja imeshakufa. Naielewa hofu hiyo, ila naona namba anayoitazama haimwambii mengi.

Chukua Tromsø na Winnipeg. Tromsø, Norwei, iko latitudo ya 69, ndani ya Duara la Aktiki. Winnipeg, Kanada, iko karibu na latitudo ya 50, usawa mmoja na ncha ya kusini ya Uingereza. Kwa kutazama ramani ungeapa kwamba Tromsø ndiko watu wanakoganda. Kumbe mkondo wa bahari unaofikisha maji ya vuguvugu pwani ya Norwei hufanya wastani wa Januari huko uwe nyuzi chache tu chini ya sifuri. Winnipeg imekaa katikati ya bara, mbali na bahari, na wastani wake wa Januari ni kama nyuzi 16 chini ya sifuri. Lakini hata siku iliyo fupi kuliko zote, Winnipeg hupata saa 8 za mchana, na mara nyingi anga ni jeupe. Tromsø jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari.

Kwa hiyo kuna baridi na kuna giza, na havitibiwi kwa dawa moja. Baridi inatibika kwa pesa: koti zito, viatu vyenye soli ya kushika barafu, nguo ya ndani ya sufu badala ya pamba, maana pamba ikilowa jasho hukugeuka. Anayeogopa ana hoja hapa, kwa sababu gharama hizo huja mwezi wa kwanza, kabla hujapata hata kibarua. Zikishalipwa, hata hivyo, zimelipwa. Na nyumba za Ufini au Uswidi zimejengwa zikijua baridi inakuja: madirisha ya vioo viwili au vitatu, joto la kutosha chumba kizima. Uingereza, ambako nje si kubaya hivyo, mwanafunzi anaweza kupanga nyumba kuukuu inayopitisha upepo na akalipia joto kwa mita. Wapo wanaotetemeka zaidi ndani ya chumba cha namna hiyo kuliko waliokaa Oulu, mji wa kaskazini mwa Ufini.

Giza halinunuliki kirahisi hivyo. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake walieleza kitaalamu aina ya sonona inayokuja na majira: usingizi mzito, hamu ya kula wanga, uchovu, kujitenga. Kwa latitudo za juu, jua la majira ya baridi ni hafifu mno kwa ngozi kutengeneza vitamini D, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili itengeneze kiasi kile kile. Zipo taa maalumu za mwanga wa luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga) za kukaa mbele yake asubuhi, na vidonge vya vitamini D vipo. Vinasaidia. Shida ni kwamba giza linafika pamoja na mitihani ya muhula wa kwanza, wakati ambapo bado huna rafiki wa kukugongea mlango usipoonekana siku mbili. Mtu aliyewahi kuugua sonona ningemshauri alipime hilo kabla ya ada.

Ada nayo imebadilika. Sifa ya zamani kwamba nchi za Nordiki ni za bure haipo tena kwa wengi wanaotoka nje ya Ulaya: Uswidi ilianza kuwatoza mwaka 2011, Ufini 2017, Norwei 2023. Kanada nayo, Januari 2024, ilipandisha akiba ambayo mwombaji lazima aoneshe kutoka dola 10,000 za huko hadi 20,635 kwa mwaka, kando ya ada na nauli, na baadaye ikapandisha tena. Anayepanga kwa hesabu za kaka yake aliyeondoka miaka mitano iliyopita atakwama ubalozini.

Hapo ndipo mji mdogo unapojitetea. Kodi ya chumba kwa kawaida ni nafuu, umbali ni mfupi, na mhadhiri anakujua kwa jina. Jiji kubwa linajibu kwa kitu kimoja kizito: kazi. Ufini inamruhusu mwanafunzi kufanya kazi wastani wa saa 30 kwa wiki, Kanada saa 24 nje ya chuo wakati wa masomo, lakini ruhusa si ajira. Unaweza kusoma shahada nzima kwa Kiingereza Ufini, kisha ukaomba kazi ya kufagia na kuulizwa kama unajua Kifini. Winnipeg, ambako Kiingereza kinatosha, kikwazo hicho hakipo, pamoja na baridi yake yote ile.

Mimi ningekuwa na ufadhili kamili, ningekwenda kaskazini bila kusita. Anayetegemea kibarua kulipa kodi ningemwambia afuate lugha anayoijua, hata kama huko ndiko zebaki inakoshuka zaidi. Na yeyote yule, mwenye ufadhili au asiye nao, kabla ya kulipa amana, atafute mwanafunzi aliyepo pale sasa hivi, amwulize analala saa ngapi mwezi wa Desemba na alipata kazi baada ya miezi mingapi. Tovuti ya chuo itamwonesha nyasi za Juni.