Salford: bandari ilivyogeuka mji wa studio

Bandari ya Manchester, kusema kweli, sehemu yake kubwa haikuwa Manchester. Magati makubwa yalikuwa Salford, jiji la jirani, na wengi wa makuli walikaa Ordsall, mtaa ulio hatua chache kutoka majini. Meli zilifika huko, mbali na bahari, kwa mfereji wa kilomita 58 uliofunguliwa mwaka 1894. Kontena ndizo zilizoimaliza bandari hiyo. Meli zilizidi kuwa kubwa hadi zikashindwa kupita mferejini, na mwaka 1982 bandari ikafungwa. Ajira zipatazo 3,000 zilikwenda nayo.

Leo palepale pana MediaCityUK, mji wa studio za televisheni na redio. BBC ilihamia hapo kutoka London mwaka 2011 na idara zake za michezo, vipindi vya watoto na Radio 5 Live. Kipindi cha asubuhi cha televisheni kikafuata mwaka 2012. Chuo Kikuu cha Salford kina kampasi hapo, ITV, televisheni ya kibiashara ya Uingereza, nayo ikaja, na mandhari ya tamthilia ya Coronation Street yakajengwa ng'ambo ya maji. Wapo wanaosema mradi huu umefeli; wajaribu kwanza kuwaza eneo hilo likiwa limebaki mahame.

Tena sifa si za BBC peke yake. Halmashauri ya Salford iliyanunua magati mapema, ikayatenga mabwawa yake yasichanganyike na maji machafu ya mfereji, ikayasafisha. Jumba la sanaa la The Lowry lilifunguliwa mwaka 2000, zaidi ya miaka kumi kabla ya watangazaji kufika. Kazi hiyo ya maji na mabomba haitajwi sana, labda kwa sababu haipendezi kwenye picha.

Hoja ya wakosoaji iko kwenye ajira, na ina uzito. Taasisi ya Centre for Cities ilichunguza suala hili mwaka 2017, ikaona kwamba athari kwa ajira za Manchester na vitongoji vyake kwa jumla ilikuwa ndogo mno, maana sehemu ya ajira zilizoonekana mpya zilikuwa zimehama tu kutoka kwingine katika eneo hilohilo. Hilo halishangazi. BBC ilikuwa na jengo lake Oxford Road, katikati ya Manchester. Likabomolewa mwaka 2012. ITV nayo iliziacha studio zake za Quay Street. Upande mmoja wa jiji ulinenepa, mwingine ukakonda.

Halafu kuna gharama. Kamati ya Bunge inayokagua matumizi ya umma iliikosoa BBC kwa posho za kuhamisha watumishi kutoka London, ambazo kwa wachache zilipita pauni 100,000 kwa kila mmoja. Ajabu ni kwamba waliokataa kuhama ndio walioisaidia Kaskazini mwa Uingereza zaidi, kwa kuwa nafasi zao zilibaki wazi kwa watu wengine.

Kwangu mimi, mvutano huu unatokana na kupima mambo mawili kwa mizani moja. Kama lengo lilikuwa kuutoa utangazaji wa taifa kwenye mikono ya London, uhamisho huu ulistahili gharama yake: Uingereza nzima inalipa leseni ya televisheni inayoigharamia BBC, na haikuwa haki maamuzi yote yafanyiwe kona moja. Kama lengo lilikuwa kumpa kazi mjukuu wa kuli wa Ordsall, basi studio ilikuwa chombo kibovu. Gati liliajiri nguvu za mwili na jina la baba aliyetangulia. Studio inadai shahada, watu wa kukufungulia mlango, na uwezo wa kuishi kwa mikataba ya miezi mitatu. Mafunzo kazini kwa vijana wa jirani yapo na yanasaidia, lakini hayatoshi kuziba pengo hilo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni utegemezi. Bandari ilikufa kwa kutegemea meli za ukubwa uleule. Mji wa studio umejengwa kumzunguka mpangaji mkuu mmoja, wakati watazamaji wanahamia kwenye intaneti na ada ya leseni inapingwa mara kwa mara. Mkataba wa Kifalme unaoiruhusu BBC kufanya kazi unamalizika mwishoni mwa mwaka 2027, na mazungumzo ya mapato yake yatafanyika London.