Mwongozo wa udahili usomwe kidato cha tano

Kila mwaka ifikapo Julai, Baraza la Mitihani likishatangaza matokeo ya kidato cha sita, simu yangu haipumziki. Wanaopiga ni wanafunzi wachache tu, wengi ni baba, shangazi na kaka zao, na wote huanza kwa namna moja: "Shikamoo mwalimu. Kijana amepata daraja la pili, sasa aombe chuo gani?" Nami kwa kawaida hujibu kwa kuuliza anataka kusomea nini. Hapo simu hunyamaza kidogo, kisha nasikia sauti ya mzazi ikiwa mbali na kinywa cha simu, ikiuliza, "Eti, unataka kusomea nini?" Ndiyo mara ya kwanza swali hilo kuulizwa katika nyumba ile, na dirisha la udahili limekwisha kufunguliwa.

Nimefundisha Jiografia kidato cha tano na cha sita kwa miaka 17, na kwa muda wote huo sijawahi kuona mwanafunzi aliyeshindwa kwenda chuo kwa sababu hakuambiwa jina la chuo. Majina ya vyuo wanayajua. Wasichokijua ni kozi gani inadai masomo gani, ina nafasi ngapi, itagharimu kiasi gani, na mtu aliyeisoma huamka asubuhi akaenda kufanya kazi ya namna gani. Maoni yangu ni kwamba mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), ambao sisi huufungua matokeo yakishatoka, unapaswa kusomwa darasani tangu kidato cha tano, mwalimu akiwepo na ikiwezekana mzazi akiwa amearifiwa.

Nitoe mfano wa binti mmoja niliyemfundisha katika tahasusi ya CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, na tangu siku ya kwanza aliwaambia wenzake kwamba atakuwa daktari, wakaanza kumwita "dokta", nasi walimu tukamwita hivyo hivyo kwa utani. Hakuna hata mmoja wetu aliyemketisha akamwambia kwamba shahada ya udaktari wa binadamu hudai Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha sita, na kwamba CBG haina Fizikia. Aliligundua mwenyewe Julai, akiwa na alama nzuri kuliko wengi waliosoma PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, baada ya mfumo wa chuo kumkatalia ombi. Alikuja nyumbani kwangu na mama yake. Sikuwa na la kujitetea, kwa kuwa nilimwita "dokta" kwa miaka miwili.

Njia ilikuwepo, na tuliipata kwa kuchelewa. Kwa kuwa alikuwa amefaulu Fizikia kidato cha nne, aliweza kujiunga na stashahada ya utabibu, miaka mitatu, ambayo baadaye humruhusu mwenye wastani wa kuanzia 3.0 kuomba shahada. Leo ni tabibu katika kituo cha afya na bado anakusudia kuendelea. Hata hivyo, kwa njia hiyo angeweza kwenda moja kwa moja kutoka kidato cha nne, kwa hiyo miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita ni miaka aliyotutolea sisi bure. Jambo hili sasa ni zito zaidi, kwa sababu mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya na jumla yake ikafika 65, na mwanafunzi wa kidato cha nne anayejaza machaguo yake anachagua kwa kweli milango ya chuo kikuu ambayo itabaki wazi, ingawa fomu haimwambii hivyo.

Mfumo wenyewe umebadilika pia, na wazazi wengi hawajabadilika nao. Kuanzia mwaka 2010 waombaji walikuwa wakipitia mfumo mmoja wa TCU, ambao uliwapangia vyuo. Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja kwenye chuo anachokitaka, na anaweza kuomba vyuo zaidi ya kimoja. Wenzetu wa Kenya bado wanapangiwa na chombo kimoja cha kitaifa, na sina nia ya kusema upi ni bora. Ninachosema ni kwamba uhuru huu tuliopewa unamdai mwombaji ajue mambo ambayo zamani mfumo uliyajua kwa niaba yake. Aliyechaguliwa na vyuo viwili au vitatu, kwa mfano, anatakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa kutumia namba ya siri anayotumiwa kwa simu au barua pepe, tena ndani ya siku zilizotajwa. Wapo wanaodhani kuchaguliwa ndiyo mwisho wa safari, wakakaa nyumbani wakisherehekea mpaka muda ukapita.

Lipo pia suala la alama. Kwa utaratibu wa sasa A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na sifa ya chini ya kuomba shahada ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya pointi 4. Mwenye D mbili, basi, ana sifa ya kuomba. Kuomba na kupata ni mambo mawili, lakini nimeona familia zikiuchukulia mstari ule wa chini kama ahadi, zikajaza machaguo yote katika kozi zinazogombewa na wenye A na B, na dirisha la kwanza likafungwa mikono ikiwa mitupu.

Sasa nani humwongoza kijana huyu? Kwa sehemu kubwa ni kijana mwingine, mwenye steshenari. Simdharau hata kidogo, maana ana intaneti, ana printa, na ana subira ambayo ofisi nyingi hazina. Mwaka juzi nilikwenda na mpwa wangu kwenye kibanda kimoja karibu na stendi, tukakuta foleni imefika barabarani. Mbele yetu alikuwepo mzee aliyeshika bahasha ya kaki yenye vyeti vya mwanawe, ambaye alikuwa kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria na simu hana. Mwenye steshenari alijaza jina, namba ya mtihani na namba ya simu ya mzee, kisha akauliza, "Kozi?" Mzee akasema, "Weka nzuri." Yule kijana hakushangaa, akashusha orodha kwa kidole, akabofya tano za juu ambazo mfumo ulizikubali, akapokea fedha yake na kumwita anayefuata. Ilichukua kama dakika sita. Mtoto wa yule mzee alikuwa mahali fulani akikimbia mchakamchaka, hajui kwamba miaka yake mitatu au minne ijayo imekwisha kupangwa.

Laiti mtoto wa yule mzee angaliondoka nyumbani ameacha karatasi moja yenye kozi tano kwa mpangilio anaoutaka, mzee asingesema "weka nzuri". Karatasi hiyo haihitaji matokeo. Inaandikwa Februari kama inavyoandikwa Julai, kwa kuwa mwongozo wa mwaka uliopita unatofautiana kidogo tu na ule unaokuja, na makadirio ya alama mwalimu wa somo anayo tangu mtihani wa majaribio.

Kuhusu fedha nitasema wazi kuliko ninavyosema kwenye vikao vya wazazi. Watu huuliza kama mtoto "atapata mkopo" kana kwamba mkopo ni kitu kimoja, unaupata au unaukosa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hupanga kwa uhitaji, na mtu anaweza kupewa fedha ya chakula na malazi yote lakini akapewa sehemu tu ya ada, na sehemu iliyobaki ni ya mzazi. Fedha hiyo ya chakula na malazi, au boom kama wanafunzi wanavyoiita, ni shilingi 10,000 kwa siku, na katika jiji ambalo hosteli hazitoshi fedha hiyo hula, hupanga chumba na hupanda daladala. Ndiyo maana wanafunzi hubebana, wawili kitanda kimoja, na hakuna mzazi aliyeambiwa hivyo kabla. Halafu mkopo hurudishwa, kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara kwa aliyeajiriwa. Kozi iliyo katika mji ambako kijana ana shangazi wa kumpokea inaweza kuwa chaguo la busara kuliko kozi ile ile katika mji asikojulikana. Si aibu kulisema hilo mbele ya mtoto.

Makaratasi ya mkopo nayo hayasubiri. Cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, fomu husainiwa na serikali ya mtaa na kugongwa muhuri wa kiapo, na jina likitofautiana kwa herufi moja kati ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, kazi ya kulisahihisha ni ya majuma. Mwanafunzi wa kidato cha tano ana muda huo. Wa Julai hana.

Najua watakachosema walimu wenzangu, kwamba mtaala ni mrefu na vipindi havitoshi. Ni kweli. Ningependa pia mwongozo huo uandikwe kwa Kiswahili, maana sasa uko kwa Kiingereza na mzee wa bahasha ya kaki angeushika tu kama alivyoshika vyeti. Lakini shule zetu za bweni zina Jumatano jioni, zina Jumamosi, na zina walimu ambao wenyewe walipita chuoni. Hata kumwalika tabibu, mpima ardhi au bwana shamba wa wilaya aje aeleze kazi yake kwa saa moja hakuhitaji bajeti. Nasema hivi kwa kuwa nimeanza, kwa kujifunza kutokana na aibu yangu ya "dokta". Nilichapisha kurasa za mwongozo wa mwaka uliopita kwa fedha yangu, nikaziweka mezani darasani kwa kidato cha tano, na sharti ni moja: kila mtu aniletee kozi tano, na mbele ya kila moja aandike masomo inayodai na idadi ya nafasi.

Jumatano iliyopita kijana mmoja wa HGL, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza, ambaye tangu aingie shule hajazungumzia kitu kingine ila sheria, aliweka kidole kwenye safu ya nafasi akaniita. "Mwalimu, samahani, hizi nafasi ni za mkoa wetu au za nchi nzima?" Nikamwambia ni za nchi nzima. Aliitazama ile namba kwa muda, akakata kitu kwenye daftari lake, kisha akaomba ukurasa wa chuo kingine.