Kwaya ya Saa Nane Usiku

Ndoo ya lita 20, divai ya matunda, sukari kilo 2. Nikapiga hesabu: sukari hiyo ikiliwa yote na hamira hutoa karibu kilo 1 ya kaboni dayoksaidi, yaani zaidi ya lita 500 za gesi. Zote zipotee bure, na pembeni kuna tangi la samaki la lita 60 lenye mimea inayoililia gesi hiyohiyo? Nikapitisha mpira mwembamba kwenye kizibo cha ndoo, ncha ya pili nikaifunga jiwe la mapovu (lile lenye vitundu vya kugeuza gesi kuwa viputo), nikalizamisha tangini. Nikalala usingizi wa mvumbuzi.

Usiku wa pili, saa nane: paa!

Kizibo kilikuwa kimegonga dari, na divai ikakifuata. Kisa, nilijaza ndoo hadi lita 19. Hamira ikikolea povu hupanda, na robo ya chombo inapaswa kubaki wazi. Langu liliingia mpirani, likamwagikia samaki, kisha nyuzi za matunda zikaziba vitundu vya jiwe. Presha ikatafuta penye udhaifu. (Afadhali kizibo. Chombo cha kioo kingenipa vigae vya kuokota.)

Nikaanza kufuta dari. Mama watoto akawasha taa ya sebuleni.

"Baba watoto, hawa samaki wanaimba nini?"

Wote walikuwa juu ya maji, midomo wazi, kwaya nzima bila sauti. Tangi dogo kama lile linatosheka na kiputo kimoja kwa sekunde moja au mbili, na mchana tu. Gizani mimea haitumii gesi hiyo, inatoa yake. Mimi nilikuwa nimewafungulia bomba la kiwanda. Nikabadilisha theluthi ya maji, nikawasha pampu ya hewa. Alfajiri kwaya ikatawanyika.

Safari hii nikajaza lita 15. Mpira mpana, milimita 12, unatoka kwenye ndoo hadi chupa tupu yenye mirija miwili mifupi inayoishia karibu na shingo: povu likija linabaki humo, na ndoo ikipoa ikavuta maji ya tangi kinyumenyume, nayo yanaishia humo. Baada ya chupa kuna kiungo cha njia tatu. Njia moja inakwenda tangini, ina koki na vali ya upande mmoja. Nyingine inapitia kwanza chupa ya maji, ncha ikizama kina kuliko jiwe la tangini (bila hivyo gesi yote ingekimbilia huku), kisha inakwenda kwenye dumu tupu, mpira umefika chini kabisa, na mdomo wa dumu umefunikwa kwa kulegea. Usiku nafunga ya tangi tu, maana hamira haijui saa za kulala. Hiyo ya dumu haifungwi kamwe, la sivyo tutarudi darini.

Dumu hilo ndilo litakalopokea divai iliyoiva, na oksijeni ikibaki humo inaiharibu. Kaboni dayoksaidi ni nzito kuliko hewa lakini huchanganyika nayo, kwa hiyo kulijaza mara moja hakutoshi. Mara 5 za ujazo wake, lita 100, huacha chini ya asilimia 1 ya hewa ya awali. Dirisha liwe wazi muda wote.

Kuona kama gesi imefika juu, unashusha kiberiti kinachowaka mdomoni mwa dumu. Kikizimika, gesi imefika, ingawa hewa nyingi bado yaweza kuwamo. Kiberiti sikukiona. Nikainama, nikavuta pumzi moja ya nguvu kwa pua.

Gesi hii ikikutana na unyevu wa pua inakuwa asidi. Nilirudi nyuma machozi yakinitoka, mdomo wazi, nikitafuta hewa.

"Baba watoto," sauti ikatoka jikoni, "na wewe umejiunga na kwaya?"