Neno la mdomo, saini ya herufi tatu

Kampuni moja ya Uingereza iitwayo Actionstrength ilikuwa ikimpatia mkandarasi wafanyakazi wa kujenga kiwanda. Mkandarasi akaanza kusuasua kulipa. Kampuni ikatishia kuwaondoa watu wake na hapo, kwa mujibu wa madai yake, wenye kiwanda wakatoa ahadi ya mdomo: waacheni waendelee, yule asipolipa tutalipa sisi. Wafanyakazi wakabaki, deni likapanda hadi zaidi ya pauni milioni moja, mkandarasi akafilisika. Kesi ilipofika ngazi ya mwisho ya rufaa mwaka 2003, majaji hawakuhangaika kutafuta nani anasema kweli. Hata kama ahadi ilitolewa neno kwa neno, hiyo ni dhamana ya deni la mtu mwingine, na dhamana isiyo na maandishi wala saini haidaiwi mahakamani. Kampuni ikatoka mikono mitupu, kwa sheria iliyotungwa mwaka 1677.

Wengi hudhani mkataba ni karatasi. Sivyo. Kwa kawaida makubaliano ya mdomo ni mkataba kamili, mradi pande zimeelewana na zimekusudia kufungwa na maneno yao. Maandishi ni sharti la ziada, linalowekwa kwa aina chache tu: mauzo ya ardhi, dhamana na, katika baadhi ya nchi, mauzo ya bidhaa zinazozidi thamani fulani. Kinachobishaniwa ni kama sharti hilo bado linamlinda yule lililokusudiwa kumlinda.

Mwaka 1677 lilikuwa na sababu nzito. Wakati ule mdai na mdaiwa hawakuruhusiwa kutoa ushahidi katika kesi yao wenyewe, kwa kuwa walihesabiwa kuwa na maslahi. Uingereza iliondoa katazo hilo mwaka 1851 tu. Sasa fikiria umeshtakiwa kwamba uliahidi kuuza shamba lako. Hukuahidi kitu. Lakini huruhusiwi kupanda kizimbani ukasema hivyo, na mwenzako ameleta mashahidi wawili wa kukodi wanaoapa kwamba walikusikia. Bunge likatunga sheria ambayo jina lake lenyewe lilitaja ulaghai na viapo vya uongo. Ufaransa ilikuwa imeshatangulia: Amri ya Moulins ya mwaka 1566 ilitaka maandishi kwa mapatano yanayozidi livre 100, sarafu ya Ufaransa ya wakati ule.

Nchi hizi mbili hata hivyo hazikufuata njia moja, na tofauti yao ndiyo inayowachanganya watu. Ufaransa maandishi ni suala la ushahidi. Leo mpaka ni euro 1,500. Ukizidi hapo unatakiwa kuthibitisha kwa maandishi. Lakini ukiwa na barua ya mdaiwa inayofanya madai yako yaelekee kuwa kweli, mlango wa mashahidi unafunguliwa, na dhidi ya mfanyabiashara ushahidi wa namna yoyote kwa kawaida unakubalika. Uingereza, dhamana isiyoandikwa ni mkataba uliopo lakini haudaiwi: mdhamini akilipa kwa hiari yake hawezi kurudi kudai fedha zake kwa hoja kwamba hakuandika, ila akikataa huna pa kumpeleka. Ardhi ni kali zaidi. Tangu mwaka 1989 mkataba wa kuuza ardhi huko lazima wenyewe uwe wa maandishi, masharti yote yawemo, na pande zote zitie saini. Vinginevyo hakuna mkataba kabisa.

Kwa upande wa ardhi sina ugomvi mkubwa na sheria. Ardhi hudumu kuliko kumbukumbu za walioiuza, na atakayeinunua miaka thelathini baadaye hakuwepo maneno yaliposemwa. Kenya inataka maandishi, saini za wahusika wote na shahidi wa kila saini. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inaridhika na mkataba wa maandishi au hata kumbukumbu yake iliyoandikwa.

Dhamana ndipo hoja zinapokabana koo. Mdhamini mara nyingi hapati chochote. Anasema "nitamlipia" kwa sababu rafiki yake anatazama, au kwa sababu kikao kimekuwa kirefu na anataka kwenda nyumbani. Kumpa kalamu ni kumpa dakika moja ya kujiuliza. Hiyo ni hoja nzuri, tena mimi naiona nzuri kuliko ile ya viapo vya uongo, maana leo mdaiwa anaweza kujitetea mwenyewe. Lakini haielezi kesi ya kile kiwanda. Wale hawakuwa marafiki waliobanwa na aibu. Ilikuwa biashara inayotaka jengo lake likamilike, na kazi ikafanyika. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 ilisema waziwazi kwamba dhamana inaweza kuwa ya mdomo au ya maandishi, na biashara ya dhamana India haikufa kwa hilo.

Kwa mauzo ya bidhaa, nadhani hoja ya maandishi imeshindwa. Uingereza yenyewe ilifuta mwaka 1954 kifungu kilichotaka mauzo hayo yaandikwe. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1980 kuhusu mauzo ya kimataifa ya bidhaa unasema mauzo hayalazimiki kuandikwa, ingawa unaruhusu nchi kujitoa katika kanuni hiyo. China, iliyokuwa imejitoa, iliondoa pingamizi lake mwaka 2013. Marekani bado inang'ang'ania. Kanuni yake ya biashara inataka maandishi kuanzia dola 500, kiwango kilichowekwa katikati ya karne iliyopita. Pendekezo la mwaka 2003 la kukipandisha hadi dola 5,000 liliishia kuondolewa. Halafu angalia misamaha: bidhaa zilizotengenezwa maalumu kwa mteja zisizouzika kwa mwingine, bidhaa zilizokwisha kulipiwa au kupokelewa, mdaiwa anayekiri mbele ya hakimu. Misamaha yote hiyo ipo kwa sababu kanuni ikiachwa peke yake humsaidia mtu aliyekwisha kunufaika akatae kulipa. Wamarekani wana kanuni nyingine pia, kwamba mkataba usioweza kutimizwa ndani ya mwaka mmoja lazima uandikwe. Mahakama zao nyingi zimeamua kwamba ajira ya maisha haimo humo, kwa sababu mwajiriwa anaweza kufa kabla mwaka haujaisha. Ya miaka miwili iandikwe, ya maisha si lazima! Kanuni ikishafika hapo, majaji wenyewe wameshaanza kuikimbia.

Sasa simu zimeingia. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilipokea kesi ya dhamana katika ukodishaji wa meli. Hakukuwa na hati moja iliyosainiwa, bali mfululizo wa barua pepe za madalali, na mwishoni mwa mojawapo dalali alikuwa ameandika jina lake la kwanza tu, la herufi tatu, kama mtu anavyomuaga mwenzake. Majaji wakasema inatosha: maandishi yapo, saini ipo. Uamuzi huo ni wa busara kibiashara, ila ile dakika ya kujiuliza sijui imebaki wapi. Herufi tatu huandikwa kwa mazoea, kichwa kikiwa kimeshahamia kwenye barua inayofuata. Wakati huohuo, mtu akikutumia ujumbe wa sauti, ataje kiasi, amtaje mdaiwa na kusema "asipolipa, njoo kwangu," utakuwa na ushahidi ambao mwaka 1677 hakuna aliyeuota, na wakili wake bado ataweza kusimama na kuuliza maandishi yako wapi.